Vita vya Maji Maji: Nani alipigania nini?

Kila Februari, Songea inapowakumbuka watu 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, ubishi wa zamani hufufuka. Risala za jukwaani hueleza kwamba Maji Maji vilikuwa vita vya kwanza vya ukombozi wa taifa. Mwanafunzi wa sekondari amekariri kwamba chanzo kilikuwa pamba. Wapo wanaomwita Kinjikitile Ngwale nabii, na wapo wanaomwita tapeli aliyewapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha wakiwa na dawa ya maji. Pembeni hukaa mtu wa Iringa, anayejua kwamba babu zake walikuwa upande wa pili, akisubiri mazungumzo yapite.

Hakuna kati ya kauli hizo iliyo uongo mtupu. Kasoro ni kwamba kila moja inajibu swali lake, kisha inadai imejibu yote. Kwa nini watu wa Umatumbi waling'oa pamba mwishoni mwa Julai 1905 ni swali moja. Kwa nini ndani ya wiki chache vita vile viliwafikia watu ambao pamba ya shuruti haikuwa kero yao kubwa ni swali jingine. La tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloulizwa kwa nadra: kwa nini watu waliendelea kupigana miezi mingi baada ya kujionea wenyewe kwamba maji hayazuii risasi?

Utawala uliokataliwa

Ujerumani iliingia nchini kwa karatasi. Carl Peters alikusanya mikataba mwaka 1884, Kaisari akatoa hati ya ulinzi mwaka 1885, na kampuni yake ikaachiwa kutawala. Pwani ilipoinuka chini ya Abushiri bin Salim mwaka 1888, kampuni ilielemewa, na kuanzia 1891 dola yenyewe ikashika hatamu. Mkwawa wa Uhehe alipokufa mwaka 1898, maofisa wa Kijerumani waliona kazi ya kuteka imekwisha. Sasa walitaka koloni lijilipie.

Kodi ya nyumba ya rupia 3 ilianza mwaka huohuo wa 1898. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ukaanzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji, kwanza Uzaramo, kisha wilaya nyingine za pwani na kusini. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alitakiwa kuwa na shamba na watu wake walilime. Kwa maandishi, kila mtu alipaswa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe mafungu matatu: la wakulima, la jumbe, na la chombo cha wilaya kilichosimamia mauzo. Huko Uzaramo malipo ya kwanza ya mkulima yalikuwa senti 35, na wapo waliokataa kuzipokea. Hata hivyo senti hazikuwa jambo lililouma zaidi. Palizi ya pamba ilidondokea siku zilezile za palizi ya mtama na mpunga, na aliyechelewa kufika shamba la jumbe alijua hesabu yake ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Wasimamizi wa mpango huo walikuwa maakida, wengi wao Waarabu na Waswahili wa pwani waliojua kusoma na kuandika, waliopewa mamlaka juu ya watu wasiohusiana nao kwa ukoo wala kwa matambiko. Umatumbi hapakuwa na mfalme. Mamlaka yalikaa kwa wazee wa koo, na hata hao walisikilizwa kwa kadiri walivyojua kushauriana na watu wao. Ni kosa kudhani kwamba watu wa kusini walikuwa wakiishi bila kudaiwa chochote. Misafara ya Kilwa ilipita kwao, watumwa walichukuliwa kwao, na ushuru wa njiani ulikuwa jambo la kawaida. Lakini mdai wa zamani aliweza kujadiliwa, kukimbiwa, au kupewa kidogo akaridhika. Akida mwenye askari nyuma yake hakuwa na haja ya kuridhishwa. Msuguano wa kisiasa wa mwaka 1905 unaanzia hapo, katika swali la nani ana haki ya kumwamrisha mtu aache shamba lake akalime la mwingine.

Kinjikitile anatokea katikati ya msuguano huo. Mwaka 1904, huko Ngarambe, alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, aliyehesabiwa kuwa mjumbe wa Bokero. Bokero alikuwa na kituo chake cha ibada kwenye Mto Rufiji, ambako watu wa koo na makabila mbalimbali walikwenda tangu zamani kuombea mvua na mavuno. Kinjikitile basi hakubuni dini mpya. Alijitwalia jina la mamlaka ambayo tayari ilikuwa inavuka mipaka ya makabila, akaipa kazi nyingine. Habari zilisambaa kwa minong'ono, watu wakamiminika Ngarambe kwa makundi, wakapewa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Masimulizi ya wazee yanakubaliana kwamba aliwaambia wasubiri amri. Wamatumbi hawakusubiri. Huko Nandete waliingia shamba la pamba wakang'oa miche, na vita vikaanza.

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vina siku chache. Anayetaka kumfanya jemadari wa Maji Maji, na anayetaka kumlaumu kwa kila aliyekufa, wote wawili wanapaswa kuanza na tarehe hiyo.

Maelezo ya boma: uchawi na njama

Tafsiri ya kwanza ni ya watawala. Götzen alisisitiza kazi ya waganga: watu waliokuwa watulivu walidanganywa na dawa, na nyuma ya dawa palikuwa na njama. Tafsiri hii inaendelea kuishi hadi leo, ingawa wengi wanaoitumia hawajui inakotoka. Kila anayesema Maji Maji yalikuwa ushirikina uliowaponza wajinga anarudia hoja ya boma, yaani ya serikali ya kikoloni.

Udhaifu wake uko wazi ukiuliza ilimfaa nani. Gavana alikuwa na deni la maelezo kwa Berlin: kwa nini koloni la mfano, lenye mpango wa pamba aliousifu mwenyewe, limewaka? Ikiwa kosa ni la waganga, sera haina hatia. Albrecht von Rechenberg, aliyechukua ugavana mwaka 1906, alitazama sababu za kiuchumi, akaachana na mashamba ya shuruti ya aina ile. Serikali haibadili sera ya pamba kwa sababu ya uchawi.

Hata hivyo tafsiri hii imegusa jambo ambalo waandishi wengi wa baadaye wamelionea aibu. Maji yalikuwa kitovu cha vita. Hayakuwa pambo. Bila maji huwezi kueleza jinsi Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni walivyoweza kufikiri kwamba adui ni mmoja na wakati ni mmoja. Aliyekunywa maji alifungwa na miiko: asiibe mali wakati wa vita, ajitenge na mwanamke. Miiko hiyo ilikuwa nidhamu ya jeshi kwa watu wasiokuwa na jeshi. Wajumbe wa dawa, walioitwa mahongo, walikwenda wakiwa na mamlaka ambayo hakuna mzee wa ukoo angeweza kuidai nje ya kijiji chake. Kosa la Götzen halikuwa kuitaja dini. Aliiona dini kuwa kinyume cha siasa, na hapo ndipo alipopotea, kwa sababu kusini mwa Rufiji mwaka 1905 hapakuwa na njia nyingine ya kufanya siasa ya eneo kubwa kiasi kile. Miaka ya 1920 Ngoja bin Kimeta alipozunguka na dawa yake ya kuondoa uchawi, alipita njia zinazofanana na hizo, safari hii bila vita.

Pamba, kodi na nguruwe

Tafsiri ya pili ndiyo iliyoshinda darasani: watu waliasi kwa sababu walinyonywa. Nguvu yake ni kubwa. Adui wa kwanza kushambuliwa Nandete hakuwa mtu, alikuwa mche wa pamba. Baada ya pamba zikafuata nyumba za maakida na maduka ya wafanyabiashara wa pwani. Ramani ya mwanzo wa vita inakaribiana sana na ramani ya mashamba ya jumbe. John Iliffe alipoandika mwaka 1967 juu ya namna vita vilivyopangwa, alivianzisha hapo, kwa wakulima wa Rufiji na Matumbi na madhila ya pamba.

Lakini ukisema pamba peke yake unabana mno. Utafiti wa Thaddeus Sunseri juu ya Uzaramo umetuonyesha nyumba nzima ikiyumba, si mfuko wa mkulima tu. Wanaume waliondoka kutafuta fedha ya kodi kwenye mashamba ya walowezi na kazi nyingine za mbali. Sheria za uwindaji na za misitu ziliwabana waliobaki. Nguruwe pori, ambao zamani walidhibitiwa kwa nyavu, mitego na kuchoma vichaka, wakaongezeka na kuvamia mashamba. Aliyebaki kulinda mtama usiku alikuwa mwanamke, na njaa ilipokuja yeye ndiye aliyetafuta cha kupika. Kwa Wangindo, waliojulikana kwa uwindaji wa tembo, kubanwa kwa biashara ya pembe kulikuwa pigo lisilohusiana na pamba hata kidogo. Basi watu walipokwenda Ngarambe, hawakwenda na ombi moja. Mmoja alitaka kinga ya risasi, mwingine kinga ya shamba, na huenda wengi hawakuona tofauti.

Mahali tafsiri ya uchumi inapokwama ni Songea na Mahenge. Wangoni hawakuwa watu wa shamba la jumbe kwa namna ya Wamatumbi. Kodi na kazi za shuruti ziliwaudhi, naam, lakini kero hizo zilikuwapo pia mahali ambako hakuna aliyeshika mkuki. Umaskini na uonevu hueleza hasira. Havielezi kwa nini hasira igeuke vita hapa, kisha pale ibaki manung'uniko.

Taifa kabla ya taifa

Tafsiri ya tatu ndiyo iliyolea kizazi cha uhuru, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kwa sababu bado inatuongoza.

TANU ilipozaliwa mwaka 1954, Maji Maji ilikuwa kumbukumbu yenye hofu kuliko fahari. Nyerere mwenyewe ameeleza kwamba wazee walimuuliza watawezaje kushinda bila bunduki, na watahakikishaje kwamba yaliyotokea wakati wa Wahehe na wakati wa Maji Maji hayatarudiwa. Alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aligeuza kumbukumbu hiyo kuwa hoja: watu walipigana kwa sababu hawakukubali haki ya mzungu kuwatawala, wala hawakusukumwa na hofu au viapo vya kishirikina. Ukikumbuka kwamba jirani Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na magazeti ya Uingereza yaliandika kila siku juu ya viapo vya Mau Mau, unaelewa kwa nini alichagua kulisemea jambo hilo. Alikuwa akikikinga chama chake kwa historia.

Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaipa hoja hiyo misuli ya kitaaluma. Terence Ranger alitafuta uhusiano kati ya upinzani wa awali na vyama vya baadaye. Kuanzia mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na Gilbert Gwassa akaandika utafiti mkubwa kuliko wote juu ya kuanza kwa vita na itikadi yake. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia Kinjeketile (ndivyo alivyoliandika jina), akauliza swali ambalo wanahistoria walilikwepa: kiongozi afanye nini akigundua kwamba imani iliyowaunganisha watu si kweli, na akiikana umoja unakufa?

Faida ya kazi ile haipimiki kirahisi. Wazee waliohojiwa wakati huo wangekufa na habari zao, na tungebaki na majalada ya Kijerumani tu. Iliwarudishia wapiganaji akili ambayo Götzen aliwanyima. Bila kazi hiyo hata wanaoipinga leo wasingekuwa na ushahidi wa kuipingia.

Gharama yake nayo ipo. Ili Maji Maji iwe vita vya taifa, ilibidi wasiojiunga wasukumwe pembeni. Wahehe wa Iringa kwa sehemu kubwa walikuwa upande wa Wajerumani. Chifu Merere wa Usangu vilevile, na Kiwanga wa Wabena wa bondeni vilevile. Wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika waliokufa upande wa Wajerumani ni 316 kwa hesabu rasmi, mbali na askari 73, huku Wazungu waliokufa wakiwa 15. Kwa maneno mengine, dola iliilinda koloni kwa miili ya Waafrika. Ukisoma habari hizi kwa miwani ya taifa, watu hawa ni wasaliti, au hawapo. Ukizisoma kwa macho ya mwaka 1905, Wahehe walikuwa wamezika vita vyao miaka saba tu iliyopita na walijua bei yake, na Merere alikuwa na maadui wa jirani wa siku nyingi waliomtisha kuliko ofisa wa boma. Nchi iitwayo Tanganyika haikuwapo. Waingereza ndio walioipa jina hilo mwaka 1920.

Kuna ushahidi mmoja mdogo ambao naona unaonyesha nguvu na udhaifu wa tafsiri hii kwa pamoja. Katika masimulizi yaliyokusanywa Umatumbi, inasemekana Kinjikitile aliwafundisha watu kwamba wote, wawe wa kabila gani, ni wa ukoo mmoja wa Seyyid Said. Kwa Gwassa huu ni ujumbe wa umoja, na kwa kweli ni umoja: ukoo mmoja badala ya koo nyingi. Lakini kwa nini Seyyid Said, Sultani wa Unguja aliyekufa mwaka 1856, ambaye watu wake waliendesha biashara ya watumwa ya Kilwa? Jibu linaloingia akilini ni kwamba mtu anayekataa mtawala aliyepo hutafuta picha ya mamlaka kubwa anayoijua, na kusini picha ile ilikuwa ya Sultani, aliyekuwa mbali kiasi cha kusahaulika makosa yake. Huo ni mwanzo wa fikra ya dola pana kuliko ukoo. Kuuita utaifa ni kuuvisha sare ambayo haijashonwa bado.

Vita vingi chini ya jina moja

Patrick Redmond aliandika upya habari za Ungoni mwaka 1975 akaonyesha kwamba Wangoni walikuwa na sababu zao. Jamie Monson akafanya kazi kama hiyo kwa nyanda za juu za kusini, na mwaka 2010 yeye na James Giblin wakahariri kitabu kizima kinachovunja picha ya vita vimoja. Kwa kundi hili, maji yalifika kila mahali yakakuta ugomvi ambao tayari upo, na watu wakayatumia kwa ugomvi huo.

Ungoni ndiyo mfano unaotia hoja hii uzito. Wangoni walikuwa na dola mbili, Njelu ya Nkosi (mfalme) Mputa Gama na Mshope ya Nkosi Chabruma, dola za kijeshi zilizokuwa zikivamia majirani na kuchukua mateka walioitwa sutu. Mwaka 1897 Wajerumani walikuja Songea wakawakusanya wakubwa kana kwamba wanawaita mashaurini, wakawashika. Uvamizi ukakoma, sutu wakaanza kuondoka, na pamoja nao utajiri na heshima ya manduna, wakuu waliokuwa chini ya nkosi. Wamisionari Wabenedikto wakajenga Peramiho, na mmoja wao akateketeza kibanda cha mahoka, pahala pa mizimu ya ukoo wa Mputa. Kwa hiyo mjumbe wa dawa, Omari Kinjala, alipowasili na maji mwaka 1905 aliwakuta watu wa tabaka la watawala walionyang'anywa utawala. Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alikuwa nduna wa daraja la juu katika Njelu. Alichokuwa nacho cha kupigania kilikuwa dola.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyo. Umatumbi, watu wasio na mfalme wanapigana kwa sababu wameletewa mtawala. Ungoni, watawala wanapigana ili warudishiwe watawaliwa wao, ambao baadhi yao wametoka katika makabila yaliyokunywa maji yaleyale. Fikra mbili za siasa zinazopingana zimebebwa na dawa moja. Kama wangeshinda, nani angemtawala nani kati ya Rufiji na Ruvuma? Hakuna dalili kwamba swali hilo lilijadiliwa popote.

Tafsiri hii ndiyo inayonivutia zaidi kwa uaminifu wake kwa ushahidi, lakini nayo ina shimo. Ukikata vita vipande kumi na vinne, kila kipande na sababu zake, unabaki na mkasa wa ajabu: sababu kumi na nne tofauti zilizolipuka zote kati ya mwisho wa Julai na Septemba ya mwaka mmoja. Aliyevunja picha ya taifa bado ana deni la kueleza wakati. Zaidi ya hapo, boma lilipenda sana kusema kwamba Waafrika hawana siasa, wana makabila tu. Mtafiti wa leo hakusudii hilo, lakini msomaji asiye makini anaweza kulitoa humo.

Kuzipima

Nikirudi kwa maswali matatu ya mwanzo, naona kila kambi inapata sehemu yake, ila si sehemu zinazolingana.

Juu ya kuanza kwa vita, uchumi una jibu bora, mradi uchumi umaanishe muda, chakula, nguruwe, pembe na heshima ya nyumba, na siyo senti 35 peke yake. Juu ya kuenea, maji ndiyo jibu, nayo ni jibu la kisiasa. Kinjikitile alikuwa amekwisha kunyongwa wakati Mahenge inashambuliwa tarehe 30 Agosti na wakati Wangoni wanajitosa mwezi Septemba. Kilichosafiri kilikuwa ahadi: kwamba utawala huu hauna haki, kwamba unaweza kuondolewa, na kwamba utaondolewa na watu wote kwa pamoja. Hiyo ndiyo fikra pekee ninayoiona imeshirikiwa na wote. Ni umoja wa kukataa. Taifa linahitaji hatua ya pili, makubaliano juu ya kitakachofuata, na hatua hiyo haikuwapo.

Iliffe aliona kwamba vita vilipoenea kwa watu wenye dola, uaminifu kwa maji uligongana na uaminifu kwa machifu na manduna, na umoja ukaanza kurudi katika vipande vya zamani. Nakubaliana naye, na Ungoni inathibitisha. Jeshi la Chabruma liliposhindwa vibaya, watu walitupa dawa. Lakini hawakutupa mikuki. Waligawanyika katika vikundi vidogo wakapigana porini.

Hapo linakuja swali la tatu, na jibu lake halimo katika tafsiri yoyote kati ya nne, limo katika namna Wajerumani walivyopigana. Masharti ya kusalimu amri yaliwataka watu watoe viongozi na silaha na walipe faini au wafanye kazi ya shuruti. Kwa jumbe au nduna, kusalimu amri kulikuwa kwenda kwenye kitanzi kwa miguu yake. Kwa watu wa kawaida, kubaki nyumbani hakukuwa salama tena: Kapteni Wangenheim alimshauri Götzen kwamba njaa peke yake ndiyo itakayowalegeza, na vikosi vikachoma maghala, vikavuna au kuteketeza mashamba, vikachukua mbegu. Watu hawakuendelea kupigana kwa sababu waliamini maji. Wengi waliendelea kwa sababu amani iliyotolewa haikuwa na nafasi yao. Abdalla Mapanda, kiongozi wa Wangindo, alidumu porini hadi mwaka 1907. Chabruma alikimbilia Msumbiji akafia huko.

Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000 vya Waafrika. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Tofauti hiyo kubwa inategemea kama mtu aliyekufa mwaka 1907 kwa kukosa mbegu anahesabiwa kuwa amekufa vitani. Mimi namhesabu, kwa sababu kukosa mbegu kulipangwa.

Nani mrithi wa vita hivi

Ubishi huu una gharama za leo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa waliyoyatenda Wajerumani, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo. Kama Maji Maji vilikuwa vita vya taifa, mazungumzo ni ya serikali mbili, na kilichofanyika Songea kinatosha kuwa kilifanyika kwa wote. Kama vilikuwa vita vya wengi kwa sababu nyingi, radhi iliyotolewa Songea imewafikia wazao wa manduna, na haijulikani bado itafikaje kwa wajukuu wa waliong'oa pamba Nandete, wasio na nduna wa kulitafutia fuvu.

Kwa Wangindo shida ni nzito zaidi, kwa kuwa walichopoteza hakiwezi kurudishwa kwa sherehe. Vita na njaa viliacha sehemu kubwa ya nchi yao na watu wachache, wanyama na mbung'o wakaenea. Miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha watu wa maeneo ya Liwale, na pori la akiba la Selous likapanuliwa juu ya ardhi hiyo. Mtalii anayelipa leo kuona tembo katika sehemu za pori hilo anapita juu ya mahame ya vijiji, na hakuna mazungumzo ya Berlin na Dodoma niliyoyasikia yanayoanzia hapo.